Mfuto na Tele

Siku tuliyomzika babu, kabla jeneza halijanyanyuliwa, mjomba wangu alisimama barazani akatoa tangazo ambalo kwetu hutolewa kwa kila maiti: kama yupo anayemdai marehemu ajitokeze sasa, au aje nyumbani baadaye, na aliyekosewa naye amsamehe. Kwa kawaida watu huinamisha vichwa, huitikia kwamba wamesamehe, na safari ya makaburini huanza. Mie nilikuwa ndani na wanawake, nimekaa chini ya dirisha, nikasikia kimya kimekuwa kirefu mno. Kisha ikaja sauti ya mzee, nyembamba, haina haya.

"Namdai mie. Pishi mbili."

"Pishi mbili za nini, mzee wangu?" mjomba aliuliza.

"Za karafuu. Mwaka ule skuli zilipofungwa watoto wende wakachume. Nimechuma, nimepimiwa, pishi mbili hakunilipa."

Hakuna aliyejua ni mwaka gani huo, maana skuli za Pemba zimefungwa miaka mingi kwa ajili ya karafuu. Nje watu walianza kunong'ona. Mama, aliyekuwa akilia tangu alfajiri, aliacha kulia akakunja uso. Na hapo bibi, ambaye tangu asubuhi hakuwa ametamka neno, akapaza sauti kutoka kitandani: "Mlipeni. Kwa bei ya leo."

Akalipwa. Mjomba alihesabu noti pale pale, mbele ya jeneza, akamkabidhi mkononi. Ndipo babu akanyanyuliwa.

Nimekuwa nikitaka kumwandika babu tangu mwaka ule wa 2013. Kila nikianza naanzia kwenye sala zake, na kila nikianzia kwenye sala zake naishia kumwandika mtu nisiyemjua, mzee wa kanzu nyeupe na tasbihi mkononi, kama wazee wote wanaoandikwa na wajukuu zao. Safari hii naanzia kwenye pishi mbili.

Wasomaji wa bara pengine kibaba mnakijua kwa ile methali ya haba na haba. Vibaba vinne ni pishi moja. Pishi ya babu ilikuwa chombo cha mti, gogo moja la mfenesi lililochimbwa ndani, mdomo umelainika kwa viganja vya watu waliokwisha kufa. Aliirithi kwa baba yake. Na pishi hujazwa kwa namna mbili. Ukijaza mpaka mdomoni kisha ukapitisha kiganja ukasawazisha, hiyo ni pishi ya mfuto. Ukiendelea kumimina mpaka juu pafanye kilima na punje zianze kuporomoka pembeni, hiyo ni pishi ya tele. Baina ya mfuto na tele ni viganja viwili vitatu tu. Zidisha kwa wachumaji kumi na watano na msimu wa miezi mitatu, utapata baiskeli, au bati za nyumba.

Mchumaji wa karafuu hulipwa kwa pishi. Anapanda mkarafuu asubuhi na pakacha lake na upembo wa kuvutia matawi, anashuka jioni, vishada vinachambuliwa, vikonyo huku, karafuu huku, kisha zinapimwa. Kulikuwa na wenye mashamba waliopokea kwa tele, na kile kilima cha juu hakikuhesabiwa popote. Babu alipokea kwa mfuto. Ikifika siku ya zaka ya fitri, pishi ile ile, alitoa kwa tele.

Sijapata kumsikia akilieleza jambo hili. Alichofanya ni kwamba usiku wa kuamkia siku ya kwanza ya kuchuma, imamu alimpisha mbele kwenye sala ya Isha, na yeye akasoma sura ya 83, ile inayoanza na ole wao wapunjao, ambao wakipimiwa na watu hutaka kijae na wakiwapimia wenzao hupunguza. Kwa sauti yake ile ya mwadhini, watu wote wa kijiji, hata waliokuwa majumbani, walijua kuwa kesho karafuu zinaanza kuchumwa. Na wale wenye pishi za tele walijua wanasemwa. Hakuna aliyeweza kumlaumu, kwa sababu hakusema neno lake hata moja.

Kwetu ni Mtambwe, ng'ambo ya ghuba ukitokea Wete. Nyumba yake ilikuwa ya udongo na miti, makuti juu, na baraza ya kukalia watu wasiozidi sita. Mwaka 1984, mie nikiwa mtoto wa miaka mitano, wataalamu wa mambo ya kale walifukua Mtambwe Mkuu wakapata zaidi ya sarafu 2,000 za fedha, vijipande vidogo vilivyofuliwa karibu miaka elfu moja iliyopita. Naambiwa kijiji kizima kilizungumza fedha tu kwa wiki kadhaa, nani angekuwa tajiri lau jembe lake lingepiga pale. Babu aliuliza swali moja: sarafu zile zote zina uzito mmoja? Hakupata wa kumjibu.

Alikuwa mwadhini kwa zaidi ya miaka arobaini, wala hakulipwa. Kumbukumbu yangu ya kwanza duniani si uso wake bali ni mitawanda yake, viatu vile vya mti, ko, ko, ko, juu ya ardhi ngumu ya uani gizani. Kisha maji ya kata yakidondoka. Kisha kimya cha kama dakika moja, na mie chini ya shuka nikijua yuko njiani. Kisha sauti. Haikuwa nzuri sana, nisidanganye. Ilikuwa nzito na ilikwaruza mwishoni, na alipofika pale pa kwamba sala ni bora kuliko usingizi alivuta kama mtu ambaye mwenyewe ameujua usingizi na anaujutia. Mimi na yeye tulikuwa na utani wa babu na mjukuu: aliniita mke wake mdogo, na bibi alikuwa mke mwenzangu. Asubuhi akirudi msikitini alimwambia bibi, "Chai ya mke mdogo kwanza." Bibi akajibu kwamba huyo mke mdogo akaichotee maji mwenyewe.

Mpole hakuwa. Naona watu wakishakufa wazazi wao wote huwa wapole. Siku moja, nina miaka kama saba, nilidokoa konzi mbili za karafuu kwenye jamvi, nikaenda dukani nikabadilisha kwa kashata. Watoto wote walifanya hivyo, na wenye maduka walizipokea kwa jicho la pembeni maana ilikuwa kosa. Babu alijua kwa sababu aliporudi kuzigeuza aliona alama ya vidole. Alinishika mkono mpaka dukani, akazirudisha kashata, moja nikiwa nimeshaila akailipa kwa pesa, akadai karafuu zake. Mwenye duka alitoa kiganja kimoja. "Ni viwili," babu alisema, akasimama pale mpaka cha pili kikatoka. Njiani hakunipiga. Alinifanya nirudie kila hatua kumi, "Hazikuwa zangu." Mpaka leo nikipita njia ile miguu yangu inahesabu.

Nisimulie sasa habari ya shamba, maana hapo ndipo yalipo mambo mazito.

Lilikuwa eka tatu. Kwa Mzanzibari maneno hayo mawili hayataki maelezo. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 ardhi ilitaifishwa, mashamba makubwa yakakatwa eka tatu tatu, wakapewa watu wasiokuwa na kitu. Babu alikuwa mmoja wao. Alikuwa mchumaji, mtoto wa mchumaji, na pishi ile ya mti baba yake aliiokota katika mali ya kutupwa ya tajiri mmoja. Kwa mara ya kwanza ukoo wetu ukawa na mikarafuu usiyoichumia mtu mwingine. Sitaki kuipunguza siku ile hata kidogo. Mama amekulia kwenye eka zile, na mie nimesomeshwa na karafuu zake.

Lakini mikarafuu ile ilikuwa na mwenyewe, na mwenyewe hakuwa kivuli. Alikuwa mtu aliyesali msikiti mmoja na babu, safu ya mbele. Baada ya Mapinduzi aliondoka na wanawe, wakaishia Maskati. Dada yake alibaki Wete, mwanamke mjane, nyumba ya mawe yenye mlango uliokwisha rangi.

Wako waliosema kilichochukuliwa na serikali kimekuwa cha serikali, na ikikupa imekupa. Wako waliosema ni ghasbu, mali iliyonyang'anywa mwenyewe, na mtu anayesali juu ya ardhi ya ghasbu sala yake ina walakini. Miaka ile haikuwa ya kubishana mambo hayo barazani, kwa hiyo kila mtu alibaki na fatwa yake kifuani. Babu naye hakumuuliza sheikh yeyote. Kila msimu, akishauza karafuu kituoni, alitenga fungu moja katika kumi, akafunga pesa kwenye kitambaa, akavuka kwa mtumbwi kwenda Wete. Akamwambia yule dada: "Hii ya kaka yako. Na nimuulizie, yu radhi?"

Yeye akipokea. Akijibu, "Nitamuuliza."

Jibu hilo hilo, msimu baada ya msimu, kwa zaidi ya miaka ishirini. Mie mwenyewe nimefuatana naye mara tatu au nne. Nilipewa halua na kahawa chungu ambayo nilijifanya naipenda, nikamwita bibi wa Wete, nikidhani ni ndugu yetu wa damu. Nilishangaa tu kwa nini babu, ambaye kwa ndugu zake wote hujinyoosha jamvini, pale alikaa kwenye ncha ya kiti kama mtu anayesubiri kuitwa.

Mnamo katikati ya miaka ya themanini milango ilianza kulegea, waliokimbia wakaanza kurudi kusalimia. Nilikuwa na miaka minane alipokuja mwenyewe. Mtu mfupi, amevaa kilemba, anatembelea bakora, kijana wake kando anampulizia nzi. Kiswahili chake kilikuwa cha kwetu kabisa, cha Pemba ya zamani kuliko ya kwetu sisi, kama kilichohifadhiwa kwenye sanduku. Mie ndiye niliyepeleka kahawa, kwa hiyo haya niliyasikia kwa masikio yangu.

Alipita mkarafuu mmoja mmoja akigusa magome. Alipomaliza alisema, "Nimeacha hapa mikarafuu sitini na miwili."

"Sasa ni sabini na mmoja," babu alijibu. "Tisa nimepanda mie. Hiyo tisa siihesabu kwenye fungu lako."

Nilijua, hata kwa umri ule, kwamba babu kasema jambo la hatari, nikashika vizuri sinia. Yule mzee alimtazama. Kisha akaanza kucheka, akacheka mpaka akashika mti, na kijana wake akacheka kwa adabu bila ya kujua anachekea nini. Ikaadhiniwa Alasiri. Babu ndiye aliyeadhini, pale pale chini ya miti, kisha akarudi nyuma akamwashiria mgeni atangulie. Wakasali wanaume wanne. Baada ya sala walitufukuza sote, wakabaki wawili mpaka karibu na Magharibi.

Walichozungumza sikijui. Mama hakijui. Bibi alidai hakijui, ingawa kwa bibi kutojua ilikuwa ni aina ya kufunga mlango. Ninachojua ni kwamba msimu uliofuata babu alivuka tena kwenda Wete na kitambaa chake, fungu moja katika kumi, la mikarafuu sitini na miwili. Aliendelea hivyo mpaka yule dada alipofariki. Baada ya hapo fungu likaenda msikitini, kwa jina la mtu wa Maskati. Kama alipewa radhi, kwa nini aliendelea? Na kama alinyimwa, mbona usiku ule, mara ya kwanza maishani mwangu, nilimsikia akicheka peke yake uani?

Mjomba ana jibu lake: kwamba baba yake alikuwa mtu asiyejua kuacha. Mjomba ana haki ya kusema, maana yeye alipata upande mwingine wa pishi ile.

Kila Mpemba wa rika lake anaijua habari ya magendo. Karafuu kwa sheria huuzwa kituo cha serikali, na kwa miaka mingi bei ya kituoni ilikuwa ndogo mno ukilinganisha na ile ya Mombasa, ambayo kwa mashua na upepo mzuri si mbali. Mjomba alikwenda. Mara ya kwanza alirudi na redio, kanga doti mbili za bibi, na kanzu ya babu, ya hariri shingoni, imekunjwa ndani ya karatasi. Babu aliitazama kanzu, akaisifu mshono, akaitundika msumarini. Idi ikafika akavaa ile yake ya zamani yenye kiraka kwapani.

Mjomba alimuuliza mbele yetu sote. Babu akasema, "Karafuu zile zimepimwa usiku."

"Na za kituoni hupimwa mchana, baba," mjomba akamjibu, "na tunapunjwa mchana."

Babu hakurudisha neno. Aliinuka akaenda kutawadha na wakati wa sala ulikuwa bado. Kwa misimu miwili baba na mwana walisalimiana tu. Mie nimekaa na majibizano yale tangu nikiwa na miaka kumi na mbili, na kila nikizidi kukua naona mjomba alisema kweli, na naona babu alijua kuwa kasema kweli, na ndiyo sababu hakumjibu. Mtu anayesoma sura ya wapunjao kila msimu hawezi kutoijua pishi ya tele akiiona, hata ikiwa na nembo ya serikali. Alichoshindwa ni kukubali kwamba dawa yake ni giza. Bei ilikuja kupandishwa baadaye sana. Mwaka aliokufa, karafuu za daraja la kwanza zilinunuliwa shilingi 14,000 kwa kilo, na mjomba alikuwa akipeleka zake kituoni mchana kweupe kama watu wote. Kanzu ya hariri ilishaliwa na mende.

Mama ana hadithi yake pia, ya kabla mie sijazaliwa. Mwanzoni mwa miaka ya sabini mchele ulikuwa adimu visiwani, watu wakila muhogo asubuhi na jioni. Mama na ndugu zake walijua kwamba juu ya dari ya jikoni kuna mtungi uliofungwa kwa kitambaa, na ndani yake mna mchele. Walikuwa watu wanane nyumbani, na fitri ni pishi moja kwa kila kichwa, kwa hiyo mtungi ule ulikuwa na pishi nane alizozikusanya kidogo kidogo mwaka mzima kutoka kipande chake cha mpunga bondeni. Wanawe wakilala na njaa wanautazama. Mama anasema usiku mmoja mdogo wake alilia wali mpaka akapitiwa na usingizi, na babu alikaa mlangoni, mgongo kawapa, mpaka mtoto aliponyamaza. Siku ya Idi alfajiri alizipima pishi nane kwa tele, akazitoa. Ziliingia nyumba za wajane watatu. Mmoja wao alipika, akaleta sahani.

Mama anaisimulia hadithi hii kwa fahari. Mara moja tu, akiwa amechoka, aliongeza: "Lakini na sisi tulikuwa mafukara. Mbona hakutuhesabu?" Kisha akanikataza nisiiandike. Mama, nisamehe.

Macho yalianza kupoteza nuru kama miaka sita kabla ya mauti. Aliendelea kuadhini kwa muda, akishikwa mkono na mtoto yeyote aliyekuwa karibu, na wakati aliujua kwa ubaridi wa upepo na kwa jogoo wa jirani ambaye alimwamini kuliko saa. Umeme wa kutoka Tanga, ule uliopitishwa chini ya bahari, ulifika Pemba mwaka 2010, na haukupita muda mrefu msikiti ukafungwa kipaza sauti. Mlitarajia mzee wa aina yake akikatae. Alikipenda kama mtoto. Alikigonga kwa kidole, pu, pu, akacheka, na kijiji kizima kikamsikia akisema, "Kumbe ndivyo ninavyosikika?"

Karafuu alizipima mpaka mwisho, kwa mkono. Mjomba akijaza, yeye akipitisha kiganja kusawazisha, taratibu, kidole cha mwisho kikifuata mdomo wa pishi kuhakikisha hapakubaki punje ya juu. Usiku alikuwa na tafsiri ya Kurani ya Sheikh Abdallah Saleh Farsy, ile iliyotoka mwaka 1969, jalada limeshonwa kwa uzi wa kushonea magunia, na kwa kuwa haoni, mjukuu aliyekuwepo alimsomea. Nikiwa likizo zamu ilikuwa yangu. Nikikosea Kiarabu alinisahihisha papo hapo. Nikikosea Kiswahili alininyamazia, eti hicho changu mwenyewe.

Hakufa Ijumaa, wala hakufa kwenye sijida. Alikufa Jumanne mchana akilalamika kwamba chai haina sukari. Bibi alikwenda kuongeza, akarudi, akakuta.

Mie nilikuwa Unguja, nikapanda boti ya asubuhi nikafika kabla ya kuoshwa. Wanawake kwetu hatufuati jeneza. Tunabaki ndani, na kinachobaki kwetu ni sauti: wanaume wakiondoka na la ilaha illallah, kwanza ikiwa kubwa kama mvua juu ya bati, kisha ikizunguka nyuma ya mikarafuu, kisha inakuja na kupotea kwa upepo, mpaka hujui kama unaisikia au unaikumbuka. Mara hii nilikuwa na hasira, kwa hiyo sikulia vizuri. Nilikuwa nikimfikiria yule mzee na pishi zake mbili. Kuna watu hawana soni, nilijiambia, kumsimamisha mtu wa namna ile njiani, siku ile, kwa pishi mbili. Usiku wa khitma nilimuuliza bibi kwa nini kasema alipwe, na yeye anajua babu alivyokuwa na vipimo. Alikuwa akichambua mchele. Alisema, "Nilikuwepo mie siku zote akipima?"

Bibi alimfuata mwaka uliofuata. Mjomba alibaki na shamba, na mama akaomba kitu kimoja tu, pishi. Iko kwake Unguja, juu ya kabati la vyombo, na hushushwa mara moja kwa mwaka, usiku wa kuamkia Idi.

Mwaka jana nilikuwa naye usiku huo. Siku hizi watu hupima fitri kwa kilo, na masheikh hukadiria pishi kuwa kilo mbili na nusu, wengine huongeza kidogo kwa tahadhari. Nilikuwa nimenunua mizani ndogo ya jikoni kwa ajili ya kuoka keki. Sijui shetani gani alinituma. Nilijaza mchele kwenye pishi ya babu, nikapitisha kiganja, mfuto safi, nikamimina kwenye bakuli, nikapima.

Kilo mbili na gramu mia tisa.

Nikapima tena. Nikajaza maji nikalinganisha na kopo la jirani analolitumia kama pishi. Pishi ya babu ilikuwa kubwa. Si sana. Viganja viwili, pengine vitatu. Nilikaa kwenye kibao cha mbuzi nikahesabu kwa vidole, kisha kwa simu, kisha nikaacha. Kila karafuu alizopokea kwa mfuto, akijua hamwonei mchumaji, zilikuwa ni tele ya pishi ya mwingine. Kila fitri aliyotoa ilikuwa zaidi ya tele. Na pishi aliirithi hivyo kwa baba yake, aliyeiokota kwa tajiri, ambaye huenda aliichonga hivyo kwa makusudi. Au mti ulikwanguka ndani kwa miaka tisini ya kuoshwa na kusuguliwa. Au mizani yangu ya keki ni mbovu.

Nilimwita mama nikamwonyesha. Alivaa miwani akasoma namba, akavua miwani.

"Yule mzee wa pishi mbili yuko hai?" niliuliza.

"Yuko. Haoni tena, kama babu yako." Akanyamaza kidogo. Kisha akavuta polo la mchele karibu, akaishika pishi kwa mkono wa kushoto, na kwa wa kulia akaanza kumimina. Ilipofika mdomoni nilinyoosha kiganja nisawazishe ili nione vizuri ilipo alama.

"Ondoa mkono," alisema, akaendelea kumimina.